Kabla ya kuezeka: nini ukiweke chini ya bati au nyasi za nyumba yako?

Umepewa kiwanja, umesimamisha miti, umekandika kuta kwa udongo. Sasa umefika kwenye paa. Mkononi una turubai moja, au shitingi kama wengi wenu mnavyoliita. Pengine umejibana kwa miezi mingi ukanunua mabati machache, au umekata nyasi za kutosha na kuzifunga mafungu. Swali linalowasumbua watu wengi katika makazi ya Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja ni hili: kipi kikae juu na kipi kikae chini?

Jibu kwa ufupi ni kwamba turubai likae chini na nyasi au bati likae juu. Lakini si kila kitu kinafaa kuwekwa chini ya paa, na turubai likilazwa vibaya linaweza kuozesha miti ya nyumba yako bila wewe kujua. Magharibi mwa Uganda mvua huja mara 2 kwa mwaka, kuanzia Machi hadi Mei, kisha kuanzia Septemba hadi mwishoni mwa mwaka. Ukikosea leo, msimu ujao ndio utakaokuonyesha kosa. Na huenda wakati huo hakuna turubai jingine la kugawiwa.

Makala hii inakueleza jinsi ya kuchagua tabaka la chini ya paa na jinsi ya kulilaza.

Kwa nini paa linahitaji tabaka la chini?

Paa la nyasi lililofungwa vizuri huzuia mvua ya kawaida. Shida huja mvua inapoambatana na upepo, au nyasi zinapokuwa chache kwa sababu jirani wote wanakata kwenye bonde moja. Maji hupenya, vumbi hudondoka na wadudu huanguka kitandani. Tabaka la chini hupokea maji yaliyopenya na kuyapeleka nje ya ukuta.

Paa la bati (manjanja) lina shida nyingine: jasho. Usiku bati hupoa haraka kuliko hewa iliyomo ndani. Watu mliolala mnapumua, na pengine kuna nguo mbichi zimeanikwa ndani au sufuria lililochemshwa jioni. Unyevu huo hupanda, hugusa bati baridi na kugeuka matone. Alfajiri matone hudondoka juu ya blanketi, juu ya daftari za watoto na juu ya gunia la mahindi. Mahindi yaliyolowa huota kuvu, na kuvu wa mahindi anaweza kuwa na sumu usiyoiona kwa macho.

Watu wengi hudhani bati linavuja. Hununua lami na kupaka kila msumari, lakini maji yanaendelea kudondoka. Kabla ya kutumia fedha, angalia kwanza. Kama matone yametapakaa chini ya bati zima, na usiku mvua haikunyesha, hilo ni jasho. Kama maji yanatoka sehemu moja tu, na hutoka wakati wa mvua, hapo kuna tundu. Jasho linatibiwa kwa tabaka la chini na kwa kupitisha hewa. Tundu linatibiwa kwa kuziba tundu. Tabaka la chini si dawa ya bati bovu: litaficha uvujaji, na miti itaoza taratibu juu ya kichwa chako.

Adui wa turubai ni jua

Turubai linalogawiwa kwa kawaida lina mita 4 kwa 5. Ndani yake kuna nyuzi nyeusi za plastiki zilizofumwa, na pande zote mbili zimefunikwa kwa plastiki nyeupe. Limetengenezwa kwa ajili ya dharura, ili listahimili jua kali kwa mwaka mmoja au zaidi kidogo. Baada ya hapo mionzi ya jua huila plastiki. Huanza kukauka, hupasuka kwenye mikunjo, kisha upepo mmoja hulichana.

Hii ndiyo sababu kubwa ya kuliweka chini. Chukua mfano wa jirani wawili waliopewa maturubai siku moja. Wa kwanza amelitandaza juu ya nyasi na kulikandamiza kwa mawe. Kwa miezi ya mwanzo haoni tone la maji, naye anaridhika. Lakini jua linalipiga turubai kila siku, na nyasi zilizo chini yake hazipati hewa, hivyo zinaoza. Baada ya misimu michache amepoteza turubai na nyasi pia. Wa pili amelitandaza juu ya miti, akaweka nyasi juu yake. Nyasi zinalikinga turubai dhidi ya jua, na turubai linazisaidia nyasi pale maji yanapopenya. Nyumba yake haipati joto kali mchana, na nyasi zikichakaa atabadilisha nyasi tu.

Vitu vinavyopatikana, na kila kimoja kinafaa wapi

Turubai la kugawiwa. Linafaa chini ya nyasi na chini ya bati. Ni imara, halipitishi maji wala hewa. Kwa sababu halipitishi hewa, ni lazima uache nafasi juu yake na tundu la kupumulia kwenye nyumba.

Nailoni nyeusi ya madukani. Ni ile inayouzwa kwa mita, ambayo wajenzi huiweka chini ya sakafu. Inazuia maji vizuri kama ni nene, lakini haikufumwa, hivyo ikitoboka huendelea kuchanika. Inafaa chini ya bati kama huna turubai. Usiiache juani hata kwa wiki chache ukisubiri fedha za mabati.

Mikeka ya mafunjo au ya matete. Inapunguza joto la mchana na kelele za mvua kwenye bati kuliko plastiki. Lakini haizuii maji. Itumie kama dari, chini ya turubai, si badala ya turubai. Ikague mara kwa mara, kwa sababu mchwa huipenda na moto pia huipenda.

Karatasi ya kung'aa. Inauzwa mijini kwa ajili ya kupunguza joto la bati. Inafanya kazi pale tu uso unaong'aa unapotazama nafasi yenye hewa. Ukiibana moja kwa moja kwenye bati, umetupa fedha zako. Kwa familia nyingi bei yake ni kubwa kuliko faida yake.

Karatasi ya lami. Hii inahitaji mbao zilizopangwa bila nafasi chini yake. Juu ya fito zilizoachana italegea na kupasuka. Kwa nyumba ya miti na fito, iache.

Viroba na magunia ya kushonwa. Yanazuia vumbi, hayazuii maji. Yanafaa kwa dari tu.

Maboksi. Hayafai. Hunyonya maji, huoza, na huwa makao ya mende na panya.

Chandarua. Usikitumie kwenye paa kwa namna yoyote. Kazi yake ni kitandani, kukukinga wewe na watoto wako dhidi ya malaria.

Namba za unene zisikuchanganye

Dukani utasikia neno "geji" kwa bati na kwa nailoni pia. Watu wengi hupoteza fedha hapa, kwa sababu namba hizi zinakwenda kinyume.

Kwenye bati, namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30, na geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28. Kwenye nailoni ni kinyume: namba ikiwa kubwa, nailoni ni nene. Geji 1000 ina unene wa robo milimita, na geji 500 ina nusu ya hapo. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "chukua hii, namba yake ni kubwa," muulize kwanza mnazungumzia bati au nailoni.

Kama unanunua turubai sokoni, likunje kwa nguvu kisha ulikunjue. Likiacha ufa kwenye mkunjo, limeshapigwa na jua. Lishike kuelekea mwanga uone matundu madogo. Lisugue kwa kidole: plastiki ya juu ikitoka kama unga, usilinunue.

Turubai moja linatosha nyumba gani?

Pima kwa kamba kabla ya kukata. Tuchukue nyumba yenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4, yenye paa la pande mbili.

Kama utaezeka kwa bati, mteremko wa kupanda sentimita 35 kwa kila mita ya upana unatosha. Laza turubai ili upande wa mita 5 ufuate urefu wa nyumba. Utabaki na nusu mita kila mwisho. Upande wa mita 4 utavuka kileleni mwa paa na kushuka pande zote mbili, ukipita ukuta kwa karibu sentimita 40.

Kama utaezeka kwa nyasi, mteremko lazima uwe mkali zaidi: angalau mita 1 kwenda juu kwa kila mita 1 ya upana. Nyasi zenye mteremko mdogo hukaa na maji na kuoza. Hapo ligeuze turubai: upande wa mita 5 uvuke kileleni. Utapita ukuta kwa karibu sentimita 40 pia, lakini upande wa urefu litatosha mita 4 kamili bila ziada. Kwa hiyo nyasi za miisho miwili zitokeze zaidi ya ukuta ili kuukinga.

Kwa namna zote mbili hujakata turubai wala kuliunga, na mahali pasipo na kiungo ni vigumu pavuje. Kama nyumba ni kubwa na inabidi uunge, anza chini kwenda juu. Kipande cha juu kilale juu ya kipande cha chini kwa angalau sentimita 20, ili maji yashuke bila kuingia kwenye kiungo. Kosa la kulaza kipande cha chini juu ya kile cha juu linaonekana dogo, lakini linaingiza maji yote ndani.

Jinsi ya kulilaza: mti juu ya mti

Watu wengi hulaza turubai juu ya fito kisha hupigilia bati juu yake moja kwa moja. Hapo turubai hugusana na bati lenye moto mchana kutwa na kuchakaa mapema. Jasho la bati hutuama kwenye kila fito, kisha hupenya kwenye matundu ya misumari. Njia bora ni hii:

1. Simamisha makombamoyo, yaani miti inayoshuka kutoka kileleni hadi ukutani. Kwaruza vifundo na ncha zote kali zinazoweza kutoboa plastiki.

2. Tandaza turubai juu ya makombamoyo. Usilivute likakaza kama ngoma. Acha lilegee kidogo, sentimita 1 au 2, katikati ya mti na mti, ili maji yapite hapo. Lakini lisilegee hadi kufanya bakuli, kwa maana bakuli litajaa maji na kuchanika.

3. Juu ya turubai, laza mti mwembamba juu ya kila kombamoyo na uupigilie misumari. Sasa turubai limebanwa katikati ya miti miwili, na misumari yote iko sehemu iliyoinuka, si pale maji yanapopita.

4. Juu ya miti hiyo myembamba, funga au pigilia fito za kulala, ambazo mafundi wengine huziita papi. Halafu ezeka nyasi au bati juu ya fito.

Kwa namna hii unapata nafasi kati ya turubai na paa lenyewe. Maji yaliyopenya hushuka chini ya fito hadi nje, na hewa hupita. Kwa paa la nyasi nafasi hii ni muhimu sana. Katika nyumba za asili, moshi wa jikoni ulikausha nyasi na kufukuza wadudu. Ukiweka turubai, moshi haufiki tena kwenye nyasi, hivyo hewa peke yake ndiyo inayozikausha.

Hakikisha ncha ya chini ya turubai inapita ukuta na kuning'inia nje. Likiishia juu ya ukuta, maji yote yataingia kwenye udongo, na ukuta wa udongo uliolowa huanguka.

Mwisho, acha tundu la kupumulia juu ya kuta za miisho miwili, karibu na kilele. Lizibe kwa wavu mwembamba ili mbu wasiingie. Bila tundu hilo unyevu wa ndani hauna pa kwenda, na jasho litahamia chini ya turubai lenyewe.

Kama nyumba imeshaezekwa

Huna haja ya kubomoa. Unaweza kufunga turubai kwa ndani, chini ya makombamoyo, likifuata mteremko wa paa. Usilifunge likalala sawasawa kama dari, kwa sababu maji yatatuama katikati.

Usilitoboe. Chukua kijiwe cha mviringo kisicho na ncha kali, kifunike kwa turubai kwa upande wa ndani, kisha funga kamba shingoni mwake. Umepata mahali pa kufungia bila tundu. Fanya hivyo kila baada ya nusu mita hivi. Ncha za chini zipitishe kati ya ukuta na paa hadi nje, kama nafasi ipo. Kama haipo, pasua nafasi ndogo kwenye udongo wa juu ya ukuta.

Moto: usifanye mchezo

Turubai, nailoni, mafunjo na nyasi vyote vinashika moto. Plastiki ikiwaka huyeyuka na kudondoka ikiwa inawaka, na moshi wake unaumiza mapafu. Ukishaweka tabaka la chini, usipike tena ndani ya nyumba ya kulala. Jenga jiko pembeni, hata kama ni banda dogo la nyasi. Acha angalau mita 2 kati ya jengo na jengo, na ikiwezekana mara 2 ya urefu wa jengo kwenda juu. Usitundike koroboi wala mshumaa karibu na paa.

Kabla ya kupanda juu, jiulize

Je, paa langu litakuwa la bati au la nyasi, na mteremko wake unatosha? Je, nimepima kwa kamba, nikajua upande gani wa turubai uvuke kileleni? Je, miti myembamba ya kulaza juu ya turubai ninayo? Je, ncha ya turubai itatoka nje ya ukuta? Je, jiko langu liko wapi?

Na kama fedha zako zinatosha kitu kimoja tu? Kama paa ni la nyasi na tayari una turubai, tumia fedha kwa miti mizuri na kamba. Kama ni la bati na linavuja, nunua kwanza misumari ya bati yenye mpira na uzibe matundu. Tabaka la chini lifuate baadaye. Kama bati ni zima ila linatoka jasho, anza na tundu la kupumulia. Halina gharama kubwa, na unaweza kulitoboa leo jioni.

Kazi hii inahitaji watu wawili au watatu. Kama wewe ni mzee, mjane, mtu mwenye ulemavu, au unaishi peke yako na watoto, zungumza na mwenyekiti wa kijiji chako (RWC 1) au mhudumu wa jamii, ili uombewe msaada wa nguvu kazi kabla ya mvua. Usisubiri paa lianguke. Na kumbuka kwamba turubai la kugawiwa ni la bure. Mtu yeyote akikudai fedha ili akuandikishe au akupatie turubai hilo, usimlipe. Toa taarifa kwenye dawati la malalamiko la makazi yako.

Turubai ulilo nalo leo huenda ndilo pekee utakalopata kwa muda mrefu. Litoe juani, liweke chini ya paa, na liachie nafasi ya hewa. Litawahifadhi watoto wako kwa misimu mingi zaidi.